Jakarta: kwa nini wali wa Padang wa kufungiwa ni mwingi kuliko wa kula mezani?

#1 Mzigo wa Kariakoo
Wakuu, salamu. Nipo Jakarta nafunga mzigo wa nguo soko la Tanah Abang, na kuna jambo linanisumbua ambalo hata wenyeji hawakubaliani.

Mchana tunakula kwenye migahawa ya Kipadang, yaani ya chakula cha mji wa Padang kule Sumatra Magharibi, iliyozunguka soko. Ukikaa mezani ukaagiza wali na rendang (nyama iliyokaushwa kwenye tui la nazi), unaletewa wali uliogeuzwa kutoka kwenye bakuli dogo, kipande kimoja cha nyama na kisamvu pembeni. Ukisema nifungie, bei ni ileile au inapungua kidogo, lakini kinachotoka ni mzigo mwingine kabisa. Jamaa anatandika karatasi ya kahawia, juu yake anaweka kipande cha jani la mgomba, anapakua wali karibu mara mbili ya ule wa sahani. Anaweka nyama, kisamvu cha kuchemsha, fenesi changa lililopikwa kwa nazi, pilipili ya kijani iliyotwangwa. Kisha anapitisha upawa sufuria hii na ile, anamwagia mchuzi wa kila aina juu. Anakunja, anafunga kwa raba. Ukija kufungua baada ya nusu saa, mchuzi umeshazama mpaka chini na jani limeachia harufu yake kwenye wali. Vijana wa kubeba mizigo hapa sokoni wanagawana kifurushi kimoja wawili na wanarudi kazini wameshiba.

Mfanyabiashara gani anampa zaidi mteja anayeondoka kuliko aliyekaa kwake? Mwenye kujua sababu aje.

#2 Babu wa Lushoto
Sababu inajulikana, mkuu. Enzi za ukoloni wa Mholanzi waliokuwa wanakaa mezani ni wakubwa na matajiri. Mwananchi wa kawaida hakuwa na uwezo wa kukaa pale. Wenye migahawa, Waminangkabau wa Sumatra Magharibi, wakawa wanawafungia wenzao wali wa kutosha ili wakagawane na familia nyumbani. Desturi ikabaki. Nilisimuliwa hivyo na mzee mmoja Bukittinggi, mji wa hukohuko kwao, na ukimuuliza Mminang yeyote mwenye umri atakwambia hilohilo.

#3 Baharia wa Chumbageni
Mleta mada, wewe umekaa meza ya kuagiza, hujakaa meza ya kuletewa. Kwenye migahawa mikubwa ya Kipadang hakuna kuulizwa unakula nini. Unakaa tu, mhudumu anatokea na sahani kumi na zaidi amezipanga juu ya mkono mmoja kuanzia kiganja mpaka karibu na bega, anazimwaga mezani: rendang, kuku wa kukaanga, samaki wa nazi, mapafu makavu, ubongo, makongoro ya mchuzi wa manjano, mayai ya pilipili. Unalipia ulichogusa tu, zilizobaki zinarudi.

Sasa jibu la swali lako: ukiwa mezani, wali ukiisha unaongeza. Hata bakuli limewekwa makusudi dogo kwa sababu wanajua utaomba la pili. Aliyefungiwa hawezi kurudi kuomba, kwa hiyo anapewa la pili mapema. Imekwisha hiyo.

#4 Bi Mkubwa Jikoni
Nauza chakula Tabata miaka mingi, niseme kwa upande wa jiko. Baharia, hilo bakuli la pili la wali linalipiwa au la bure? Kama linalipiwa, hoja yako haisimami, maana wa kufungiwa anapata la pili bila kutoa hela.

Mimi naona ni gharama. Mteja aliyekaa anatumia sahani, kijiko, maji ya kunawa, sabuni ya kuoshea, chai, na kiti ambacho mwingine angekalia saa sita na nusu kumejaa. Anayeondoka hanidai chochote kati ya hivyo. Kilo ya wali uliopikwa ni rahisi kuliko msichana wa kuosha vyombo.

Ila kwangu mimi ni kinyume: ukitaka kufungiwa nakuongezea hela ya kontena. Wao wana bahati karatasi na jani ni vya bei ya chini.

#5 Mzigo wa Kariakoo
Bi Mkubwa, mgahawa ninaokula bakuli la pili linalipiwa. Si hela nyingi, ila linahesabiwa. Na hapo kwenye chai upo sahihi, mezani chai isiyo na sukari inakuja yenyewe na haiandikwi kwenye bili.

#6 Mwalimu wa Kidato
Naomba kumsahihisha Babu wa Lushoto kwenye #2. Hadithi ya Mholanzi ni tamu lakini ina shida ya tarehe. Uholanzi ilikabidhi mamlaka Desemba 1949. Migahawa ya Kipadang kuenea kisiwa cha Java, ilipo Jakarta, kwa wingi tunaouona leo kumetokea zaidi baada ya hapo. Kuna tukio kubwa katikati: Februari 1958 lilitangazwa vuguvugu la PRRI pale Padang, viongozi wa mkoa wakaipinga serikali ya Rais Sukarno. Jeshi likalizima ndani ya miaka michache. Baada ya hapo Waminang wengi walihama nyumbani, Jakarta ikawapokea kwa maelfu, na sehemu yao wakafungua majiko. Kwa hiyo mgahawa wa Kipadang unaoufahamu wewe umekulia kwenye Indonesia huru, haukuwa na meneja wa Kiholanzi mezani.

#7 Babu wa Lushoto
Mwalimu, watu wa Minang hawakuanza kuhama 1958. Kwao kijana wa kiume kuondoka kutafuta maisha ni mila ya tangu na tangu. Nyumba na mashamba hurithiwa upande wa mama, mwanamume anatoka kwenda kuchuma. Walikuwa na vibanda vya wali kwenye masoko ya miji mingine kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Mila ilianzia hukohuko Sumatra ikasafiri nao. Tarehe zako ni za kweli ila hazivunji hoja yangu.

#8 Mwalimu wa Kidato
Haziivunji, lakini zinakudai ushahidi, mzee wangu. Mapokeo ya mdomo peke yake hayatoshi.

#9 Kasuku wa Nyali
Jamani mnagombana juu ya Mholanzi na mimi nimeshikwa na hapo kwenye #3. Zilizobaki zinarudi WAPI? Yaani sahani ya samaki iliyokaa mbele yangu, nimeipumulia nusu saa, inaenda kwa mtu mwingine? Wallahi sisi Mombasa hatuwezi.

#10 Baharia wa Chumbageni
Inarudi kwenye kabati la vioo, ndugu yangu, na kila mtu anajua. Kanuni ni moja: ukitia kijiko, umenunua. Ndiyo maana vipande vinahesabika, kuku ni kipande, yai ni yai. Mhudumu akija na karatasi anatazama sahani zilivyo, anaandika haraka kuliko utakavyosoma. Nimekula bandari za Tanjung Priok na Surabaya nyakati tofauti tukishuka melini na sijaumwa tumbo kwa chakula cha Kipadang. Kimekaangwa, kina chumvi, kina pilipili na manjano, kimekaa motoni muda mrefu. Rendang yenyewe ni tui lililopikwa masaa mpaka maji yote yameondoka nyama ikabaki inakaangwa na mafuta ya nazi. Inakaa siku kadhaa bila friji.

Kama unaogopa, kaa meza ya kuagiza au nenda kwenye kabati uonyeshe kwa kidole.

#11 Kasuku wa Nyali
Nitaonyesha kwa kidole. Shukrani baharia.

#12 Dada wa Jogja
Salamu kutoka Yogyakarta, nasoma huku. Mnazungumza kana kwamba Indonesia nzima inakula Padang. Mwanafunzi anakula Padang akipokea hela. Siku za kawaida ni warteg, yaani vibanda vya watu wa Tegal, pwani ya kaskazini ya Java ya Kati. Kabati la vioo refu, benchi moja mbele yake, vyakula vimepangwa kwenye bakuli: tempe (soya iliyochachushwa ikashikana) iliyokatwa vijiti ikakaangwa kwa sukari na sosi ya soya, mboga ya majani ya majini, mayai, tofu, dagaa, mchuzi wa nazi na maboga. Unaonyesha, mama anapakua, unakula ukimtazama usoni, mwisho anakutajia jumla kwa kichwa. Rupia 15,000 umeshiba, kama shilingi 2,500 za Tanzania. Familia nyingi za Tegal zinaendesha kibanda kwa zamu: ndugu hawa miezi kadhaa, kisha wanarudi kijijini na ndugu wengine wanashika.

Warteg nako wa kufungiwa huwa unazidi kidogo, ila hauzidi kama wa Padang. Kwa hiyo maelezo ya Babu kuhusu Waminang hayafiki Tegal, wao si Waminang.

Halafu njooni hapa Jogja muone kinyume chake. Jioni kuna mikokoteni ya angkringan, turubai juu, makaa, mabirika matatu. Pale wali tayari umeshafungwa kabla hujafika: wali wa ngumi moja na dagaa wa pilipili au tempe, wanauita wali wa paka kwa udogo wake. Unakula pakiti tatu nne na chai ya tangawizi, na kijiti cha utumbo wa kuku kilichopashwa kwenye makaa. Sasa wale wa "wa kufungiwa lazima uwe mwingi" watueleze hapo.

#13 Tonge Nyama
Dada wa Jogja umemaliza mchezo. Mleta uzi funga uzi.

#14 Mzigo wa Kariakoo
Uzi haufungwi, haijajibiwa. Wa angkringan unakuja umeshafungwa, hakuna wa mezani wa kulinganisha nao. Mimi nauliza mgahawa uleule, mpishi yuleyule.

#15 Karafuu Kavu
Dada wa Jogja, hapo angkringan harufu ya kwanza uliyoipata ni ipi? Mimi mtu wa Wete. Mara ya kwanza kukaa benchi la namna hiyo nilishtuka, moshi ulinukia kama uani kwetu msimu wa kuanika. Sigara zao za kretek zimejaa karafuu. Hawa ndio waliokuwa wanunuzi wetu wakubwa, Unguja na Pemba tuliishi kwa sigara hizo. Walipopanda mikarafuu yao ya kutosha, miaka ya 1980 bei ya kwetu ikaporomoka na wazee wengi hawakuinuka tena. Na mkarafuu wenyewe asili yake ni visiwa vyao vya Maluku, ndiko ulikotoka kabla ya kufika kwetu. Samahani kwa kutoka nje ya mada, lakini mtu wa Pemba hawezi kukaa pale akafikiria wali peke yake.

#16 Dada wa Jogja
Ndiyo, hiyohiyo harufu. Na mkaa, kwa sababu karibu na stesheni ya Tugu wanatumbukiza kipande cha kaa jekundu ndani ya glasi ya kahawa, linachemka mbele yako. Mjomba wangu wa Micheweni angelia.

#17 Mkono wa Birika
Mimi naongeza maelezo mengine ambayo hayajatajwa. Anayepakua si mwenye mgahawa. Ni kijana wa kuajiriwa, wali si wake, nyama ndiyo inahesabiwa. Mteja anayeondoka anasimama mbele yake wanatazamana, kijana anaona aibu kupakua kidogo, anajaza. Wa mezani anapakuliwa jikoni, hamuoni. Hata hapa Buguruni ukimsimamia mpakuaji unapata zaidi.

#18 Mwalimu wa Kidato
Hapo kwa Padang inakataa. Migahawa mingi ya Kiminang haina mishahara ya kawaida. Wana utaratibu wa mato: kila mfanyakazi ana pointi kulingana na kazi yake, mpishi mkuu ana zaidi, wa kuosha vyombo ana chache, na baada ya kipindi fulani faida inapigwa hesabu na kugawanywa kwa pointi hizo, mwenye mtaji na wafanyakazi. Kijana anayejaza wali anajaza kutoka kwenye fungu lake mwenyewe. Kwa hiyo akikujazia, amekubali hasara yake au anajua si hasara.

#19 Bi Mkubwa Jikoni
Mwalimu asante, na hilo linanirudisha kwangu #4. Wote wana hisa, wote wanajua kiti kikiachwa haraka wanapakua zaidi. Anayebeba aondoke ni rafiki wa kila mtu mle ndani. Halafu mtazame alivyosema mleta mada: nyama haikuongezwa. Kilichoongezwa ni wali, majani na mchuzi. Vyote vya bei ya chini, vyote vinajaza macho. Mimi nikiwa na mchuzi umebaki saa nane mchana, kuumwagia mtu ni bora kuliko kuumwaga.

#20 Baharia wa Chumbageni
Na barabarani je? Bi Mkubwa hajafika Sumatra. Basi la Padang kwenda Jakarta linalala njiani, linapanda feri pale Bakauheni kuvuka kwenda Merak. Migahawa ya Kipadang imejipanga njia nzima kama ya Korogwe na dereva anakula bure ili alete abiria, kwetu nako ni hivyohivyo. Abiria anayefungiwa anafungiwa cha safari. Wali wa safari hauwi wa mlo mmoja.

#21 Mkono wa Birika
Baharia kila ukija una sababu mpya na kila moja "imekwisha hiyo".

#22 Baharia wa Chumbageni
Zote ni za kweli, mdogo wangu. Bahari moja ina mikondo mingi.

#23 Msee wa Kongowea
Bei gani hiyo sahani ya rendang? Naona Dada ametaja ya warteg tu.

#24 Mzigo wa Kariakoo
Hapa sokoni rupia 25,000 hivi kwa wali na rendang, kama shilingi 200 za Kenya. Ukichukua yai badala ya nyama inashuka. Maeneo ya maofisi inapanda. Lipa kwa pesa taslimu au kwa QRIS, ile alama ya kuskani kwa simu, tangu Benki Kuu yao ilipoianzisha 2019 hata mwenye mkokoteni anayo, lakini inahitaji programu ya malipo inayokubalika huku.

#25 Mwalimu wa Kidato
Kuhusu bei, suala hili limewahi kuwatoa watu mishipa. Oktoba 2024 kule mji wa Cirebon ilisambaa video ya wanachama wa chama cha wenye migahawa ya Kiminang wakibandua maandishi ya "Masakan Padang" (mapishi ya Padang) kwenye kibanda kilichokuwa kinauza sahani kwa rupia 10,000. Nchi nzima ikajadili: je, asiye Mminang ana haki ya kuuza chakula cha Padang? Binafsi naona hakuna kabila lenye hatimiliki ya sufuria. Lakini nawaelewa pia, kwa sababu mtu akila rendang mbaya kwa jina lako, anayeharibikiwa ni wewe.

#26 Karafuu Kavu
Nakubaliana na wewe nusu. Pilau ya Zanzibar ikiuzwa Dodoma bila binzari nzima na mdalasini, mimi naumia moyo kabisa.

#27 Tonge Nyama
Binzari nzima, mdalasini NA viazi. Tusianze hapa.

#28 Mama Shamim
Asalam aleikum. Kwa Waislamu mnaokwenda Bali, mgahawa wa Kipadang ndio ukombozi. Bali wengi ni Wahindu na vibanda vingi vinauza nguruwe wa kuchoma, tena ni chakula chao cha fahari. Ukiona paa lililochongoka pembeni kama pembe za nyati na sahani zimepangwa dirishani ngazi kwa ngazi, ingia bila wasiwasi, Waminang ni Waislamu. Na mezani mnaletewa bakuli dogo la maji lenye kipande cha ndimu. Ni la kunawia. Mume wangu alitaka kulinywa nikamuwahi.

#29 Kasuku wa Nyali
Mama Shamim, wanakula kwa mkono kama sisi?

#30 Mama Shamim
Mkono wa kulia, bila kijiko, wakubwa kwa wadogo. Moyo wangu ulitulia. Wali wa mchuzi wa nazi na kisamvu kwa kijiko hauna ladha.

#31 Dada wa Jogja
Jambo moja kwa wageni: vibanda vya kukaa chini kwenye mikeka karibu na maeneo ya watalii, ulizeni bei kabla. Niliwahi kukaa sehemu haina orodha ya bei, kambare wa kukaanga na kipande cha kabichi, nikatajiwa mara tatu ya bei ya mtaani kwetu. Padang na warteg hayo sijakutana nayo.

Na kwa #4 na #19 nina swali. Julai 2021 wakati wa korona serikali iliweka sheria ya kula kibandani dakika 20 tu, wenzangu wananiambia watu walicheka nchi nzima. Karibu wote wakawa wanafungiwa. Kama kufungiwa kunaokoa gharama, wenye vibanda wangefurahi. Walilia. Sasa hapo ni gharama gani iliyookolewa?

#32 Bi Mkubwa Jikoni
Walilia kwa sababu wateja walipungua, mwanangu, si kwa sababu ya kufunga. Aliyekaa anaagiza kinywaji, anaongeza yai, anamuita mwenzake. Faida ipo hapo. Anayebeba analeta wingi, aliyekaa analeta nyongeza. Unawahitaji wote wawili.

#33 Babu wa Lushoto
Kwa hiyo aliyekaa ndiye anayeleta faida kubwa, na bado aliyeondoka ndiye anayepewa wali mwingi. Hesabu yako inanipa nguvu mimi, Bi Mkubwa. Hiyo ni huruma, si biashara.

#34 Bi Mkubwa Jikoni
Babu, huruma ingeongeza nyama.

#35 Msee wa Kongowea
Mimi nakwenda Surabaya mwezi ujao na sili nyama wala samaki. Nitakula nini kwenye hivi vibanda?

#36 Dada wa Jogja
Utakula vizuri sana. Agiza gado-gado: mboga za kuchemsha, viazi, tofu, tempe, na mchuzi mzito wa karanga unaotwangwa hapohapo kwenye jiwe. Warteg chukua tempe, tofu, maharage machanga, fenesi. Ila pilipili zao nyingi zina terasi, kamba waliochachushwa wakasagwa, hutawaona kwa macho. Sema "tanpa terasi", yaani bila terasi, kabla hajaanza kutwanga. Na vile vibanzi vyeupe vinavyowekwa juu ya chakula, vingi ni vya kamba pia. Mwambie aviweke pembeni, atakupa tofu ya ziada.